Bahasha ya Jenerali Booth



Jumapili iliyopita tulifika Hesabu 27, pale Musa anapoonyeshwa nchi kutoka mlimani na kuambiwa hataingia. Wengi wetu tungelia tuongezewe miaka. Musa aliomba kitu kimoja tu, kwamba kusanyiko lipate mtu wa kuliongoza, kisha akamwekea Yoshua mikono mbele ya kuhani na mbele ya watu wote, mchana kweupe. Baadhi yenu mliniuliza kama kuna mfano wa karibu zaidi, wa mtu wa kanisa ambaye tunazo tarehe zake na karatasi zake. Yuko. Na kanisa lake mnalijua, maana wengi mmelipisha njia Jumapili likipita na ngoma na tarumbeta. Ni William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu.

Nianze kwa kusema kwamba sisi na Jeshi la Wokovu hatukubaliani kwa mambo kadhaa. Wao hawabatizi kwa maji wala hawashiriki Meza ya Bwana, na wameshika hivyo tangu 1883. Sitaki kuingia huko leo. Nataka tuangalie maisha ya huyu mzee, hasa sehemu ambayo vitabu vya kusifu huwa vinairuka haraka: alivyopanga, na alivyoshindwa kupanga, nani angeshika kazi baada yake.

Alizaliwa tarehe 10 Aprili 1829 huko Sneinton, pembeni mwa mji wa Nottingham, Uingereza. Baba yake alikuwa mjenzi aliyefilisika. William akiwa na miaka 13 alitolewa shule akapelekwa kujifunza kazi kwenye duka la rehani. Mtu analeta koti lake au pete ya ndoa, anapewa pesa kidogo, na akishindwa kurudisha pamoja na riba, duka linauza kile kitu. Ni ndugu wa hawa tunaowaita mashailoki. Kwa hivyo kijana Booth alikaa nyuma ya kaunta miaka kadhaa akitazama maskini wakiingia na kitu mkononi na kutoka bila kitu. Aliokoka akiwa na miaka 15 kati ya Wamethodisti, na hakuchukua muda kuanza kuhubiri barabarani katika mitaa ya watu ambao kanisa lenyewe halikuwataka kwenye viti vya mbele.

Mwaka wa 1849 akaenda London kutafuta kazi, na kazi aliyopata ni ile ile ya rehani. Mwaka wa 1855 akamwoa Catherine Mumford. Huyu mama anastahili makala yake mwenyewe. Alikuwa mgonjwa mgonjwa tangu utotoni, lakini alisoma Biblia na teolojia kuliko wachungaji wengi wa wakati wake, na mnamo 1859 alichapisha kijitabu cha kutetea haki ya mwanamke kuhubiri. Mwaka uliofuata akapanda mimbari mwenyewe. Akina mama mnaoshika maikrofoni hapa kwetu bila mtu kuguna, mna deni kidogo kwake. Walijaliwa watoto wanane. Majina yao yashikeni, maana hadithi hii inageukia kwao: Bramwell ndiye kifungua mimba, kisha Ballington, Kate, Emma, Herbert, Marie, Evangeline na Lucy.

Booth alikuwa mchungaji katika tawi la Wamethodisti lililoitwa Methodist New Connexion. Yeye alitaka kuzunguka kama mwinjilisti, wakubwa wake wakataka akae kwenye mzunguko mmoja wa makanisa kama wenzake. Kwenye mkutano wa mwaka, Liverpool, mwaka wa 1861, ombi lake halikukubaliwa, na baada ya hapo akajiuzulu. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na hakuwa na mshahara. Hapo tumheshimu kwa imani yake. Lakini kumbukeni kwamba alitoka kanisani kwa sababu viongozi walitaka kumpangia kituo naye hakukubali. Miaka 35 baadaye atakuwa yeye aliyekaa upande ule mwingine wa meza.

Mwaka wa 1865 akaalikwa kuhubiri Mashariki mwa London, Whitechapel, ndani ya hema lililosimamishwa kwenye uwanja wa makaburi ya zamani. Mitaa ile ilikuwa ya pombe, njaa na nyumba za chumba kimoja watu wanane. Hakuondoka tena. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Christian Mission.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyokuwa inaendeshwa, maana hapa ndipo digrii yangu ya biashara inaponiwasha. Mwanzoni Mission ilikuwa na mkutano wa mwaka kama wa Wamethodisti. Wajumbe walikuja, walijadili, walipiga kura. Kamati zikazaa kamati. Kufikia 1877 wainjilisti wenyewe, akiwemo Bramwell aliyekuwa na umri wa miaka 20 tu, walikuwa wamechoka. Walisema wao walijiunga kumfuata Booth, si kufuata mkutano. Booth hakuhitaji kubembelezwa sana. Kura zikaondolewa, akabaki yeye mwenye neno la mwisho. Mwaka wa 1878 jina likabadilishwa kuwa Jeshi la Wokovu, naye akawa Jenerali. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo ikaandikwa hati ya kisheria iliyosema, kwa ufupi, kwamba kazi yote iko chini ya mtu mmoja, kwamba mali anaishika yeye kwa niaba ya kazi, na kwamba kabla hajafa atamteua yule atakayemfuata. Uteuzi huo ungewekwa ndani ya bahasha iliyofungwa, mikononi mwa wakili. Mpaka Jenerali afe, hakuna mtu angejua jina lililomo.

Chuoni tulifundishwa kwamba biashara changa inataka mwenye maamuzi mmoja, na ni kweli. Duka likianza, mzee akae kwa kaunta mwenyewe, aamue bei, aamue nani anakopeshwa. Ukiitisha kamati kuamua bei ya unga, mteja ashaenda kwa jirani. Booth alisonga mbele kwa kasi ambayo kanisa lolote lenye kamati lisingeweza. Mwaka wa 1880 watu wake walikuwa New York, mwaka wa 1881 Kate alikuwa Paris akiwa msichana wa miaka 22, mwaka wa 1882 wakafika India. Walipigwa pia. Mwaka huo wa 1882 pekee, huko Uingereza, askari 669 wa Jeshi walishambuliwa, wakiwemo wanawake na watoto, na mara nyingi polisi walimkamata aliyepigwa. Watu wanaopigwa pamoja huwa hawaulizani habari ya katiba.

Shida ya mfumo wa mzee kwa kaunta mnaijua. Mzee akifa, duka linamfuata. Au watoto wanaligawanya.

Booth aliwapa watoto wake kazi kubwa. Bramwell akawa msaidizi wake mkuu London, mtu wa ofisi, wa barua, wa hesabu. Ballington na mkewe Maud wakapewa Marekani mwaka wa 1887. Kate Ufaransa. Emma na mumewe India, baadaye Marekani. Herbert Canada, kisha Australia. Sitaki kuwa mwepesi wa kulaumu. Wale watoto hawakupewa viti vya raha. Walirushiwa mawe kama wengine, Kate alifungwa jela Uswisi, na walikuwa na karama kweli. Nimesikia watu wakisema kwamba kila mtoto wa askofu anayehudumu ni upendeleo. Hapana. Mtoto aliyekulia madhabahuni mara nyingine ndiye anayeijua kazi kuliko wote. Swali ni kama kuna mtu yeyote, nje ya baba yake, aliyepewa nafasi ya kusema ndiyo au la.

Catherine alifariki kwa saratani tarehe 4 Oktoba 1890. Mwezi huo huo Booth akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu umaskini wa Uingereza, na kutoka kwenye mpango ule zikaja nyumba za kulala wasio na makao, ofisi za kutafutia watu kazi, hata kiwanda cha viberiti kilicholipa wafanyakazi vizuri zaidi na kutumia fosforasi isiyooza taya zao. Ile ilikuwa miaka ya sifa kwa nje. Kwa ndani, mama ndiye aliyekuwa akiwashona pamoja, na uzi ukakatika.

Mwaka wa 1896 Booth aliamuru viongozi kadhaa wahamishwe, akiwemo Ballington. Ballington alikuwa amekaa Marekani miaka tisa, amependwa, Wamarekani wamemzoea kama wao. Akakataa. Baba hakurudi nyuma. Kwake amri ya Jenerali ilikuwa ni amri, na mtoto akiachwa akatae, askari wa kawaida watafanya nini? Ballington na Maud wakajiuzulu na mwaka huo huo wakaanzisha shirika lao, Volunteers of America, ambalo lipo hadi leo. Mnaona duara? Baba alitoka kanisani 1861 kwa sababu ya kupangiwa kituo. Mwana akatoka 1896 kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nadhani wote wawili walikuwa na hoja, na wote wawili walikuwa wagumu. Kumuomba Mungu mtoto mwenye moyo kama wako ni ombi la hatari.

Mwaka wa 1902 Kate akaondoka pamoja na mumewe, aliyekuwa amevutwa na mafundisho ya mhubiri mmoja wa Marekani, John Alexander Dowie. Mwaka huo huo Herbert naye akaondoka. Mwaka wa 1903 Emma, aliyekuwa amebaki mwaminifu, akafa kwenye ajali ya treni Marekani. Katika miaka saba mzee alikuwa amepoteza watoto wanne, mmoja kwa kifo na watatu kwa mambo ya uongozi. Na wale watatu hawakuacha imani. Waliendelea kuhubiri, kila mmoja kivyake, mahali pengine. Nimekaa na jambo hilo sana, maana migawanyiko mingi ya makanisa tunayoiona hapa Kenya iko hivyo. Hakuna aliyemkana Yesu. Kilichowashinda ni kukaa meza moja.

Katikati ya hayo kulikuwa na mazungumzo yaliyobadilisha kitu. Desemba 1896 Booth alimtembelea mzee Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne, nyumbani kwake Hawarden. Gladstone alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa sheria, akataka kujua Jenerali anayefuata anapatikanaje. Booth akamweleza habari ya bahasha. Gladstone akaona tundu. Je, kama Jenerali atapoteza akili, au afe kabla ya kuandika jina, au akose sifa akiwa bado ameshika kiti? Ni swali ambalo wanawe na maofisa wake hawakuthubutu kumuuliza. Linataka mtu wa nje, tena mzee mwenzako, ambaye hatafuti chochote kwako.

Booth alilibeba swali hilo. Mwaka wa 1904 ikaandikwa hati ya nyongeza. Bahasha ilibaki. Lakini sasa kukawa na mlango wa dharura: ikionekana Jenerali hafai tena kushika kazi, viongozi wa juu wanaweza kuitisha Baraza Kuu, wakamwondoa na kuchagua mwingine. Fikirini alichofanya mzee huyu. Alikuwa na miaka 75, hakuna mtu duniani aliyeweza kumlazimisha, akaweka sahihi kwenye karatasi inayosema kwamba kiti chake kinaweza kuondolewa na watu aliowafundisha yeye mwenyewe. Katika yote aliyofanya, na alifanya mengi, mimi naona hilo ni kati ya makubwa. Halina picha wala sanamu. Ni aya chache za wakili.

Hapa niingize la nyumbani. Askofu wetu ametangaza mwenyewe madhabahuni, kwa hivyo sivunji siri, kwamba anataka rasimu ya katiba yetu ijadiliwe na washirika na ipigiwe kura kwenye mkutano mkuu wa mwaka huu, yeye akiwa bado na nguvu. Najua kuna mtu anasoma hapa akisema, pasta msaidizi anaandika habari za urithi wa uongozi, huyu anataka nini? Swali ni halali, ulizeni. Askofu ndiye aliyenipa kazi ya kuandika, na rasimu yenyewe inasema hakuna mchungaji msaidizi anayepanda moja kwa moja. Mmeona wenyewe yanayotokea kwingine. Mwanzilishi analala mauti, na kabla ya arobaini kuna makundi mawili, kila moja na muhuri wake, kila moja linakimbia kwa Msajili wa Vyama kupeleka majina ya viongozi. Kesho yake ni kufuli mlangoni, kesho kutwa ni mahakamani kuhusu hati ya ardhi, na washirika waliotoa sadaka ya mabati na saruji wanasimama nje wakisubiri hakimu awaambie wataabudu wapi. Adoniya hakungoja Daudi afe, someni 1 Wafalme 1. Mfalme alikuwa hai kitandani, kimya chake ndicho kilichotengeneza vita.

Turudi kwa Booth. Miaka yake ya mwisho alizunguka Uingereza kwa gari akihubiri kila mji, ndevu nyeupe zikipeperuka, akipewa heshima na miji ile ile iliyokuwa ikimrushia matope. Macho yakazimika. Mwezi wa Mei 1912 alihutubia mara ya mwisho kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, akafanyiwa upasuaji wa jicho lililobaki, haukufaulu, akawa kipofu kabisa. Alifariki tarehe 20 Agosti 1912 akiwa na miaka 83. Watu wapatao 150,000 walipita mbele ya mwili wake. Jeshi lilikuwa katika nchi na makoloni 58.

Kisha bahasha ikafunguliwa. Ndani kulikuwa na jina la Bramwell.

Hakuna aliyeshangaa, na hakuna aliyepinga. Bramwell alikuwa amefanya kazi ya msaidizi mkuu kwa miaka zaidi ya 30. Aliijua kila nchi, kila deni, kila ofisa. Urithi ulipita salama, na kama hadithi ingeishia hapo tungesema bahasha ni mpango mzuri. Kumbe mara ya kwanza ilifanya kazi kwa sababu haikuwa siri. Kila mtu alishajua jina lililomo.

Bramwell alikuwa mtu mwema, mchapa kazi, mwombaji. Wakati wake ndipo Jeshi lilipofika hapa kwetu Kenya, mwaka wa 1921, likashika mizizi Magharibi, Vihiga na Kakamega, hata leo Kenya ni kati ya nchi zenye askari wengi wa Jeshi hilo duniani. Shule ya Wasioona ya Thika, wengi wenu mnaifahamu, ni kazi yao, ilianza 1946. Lakini Bramwell aliipokea ile hati ya baba kama Maandiko. Aliona kwamba kubadilisha njia ya kumpata Jenerali ni kumsaliti baba. Na hapo hapo watoto wake mwenyewe wakawa wanapanda vyeo, hasa binti yake Catherine, na viongozi wakaanza kunong'ona kwamba bahasha ya sasa huenda ina jina la mjukuu. Ilikuwa nalo? Hilo ndilo tatizo la bahasha. Mtu mwaminifu hana namna ya kujitetea, kwa sababu ushahidi wake umefungwa kwa nta.

Waliosema waziwazi walilipia. George Carpenter, mhariri Mwaustralia aliyefanya kazi London karibu na Bramwell, alipotofautiana naye akarudishwa Australia mwaka wa 1927 kwenye kazi ya chini. Mwaka huo huo Evangeline, dada yake Bramwell, aliyekuwa kamanda wa Marekani, alimpelekea hoja zilizoandikwa akitaka Jenerali awe anachaguliwa na viongozi badala ya kuteuliwa. Alikataliwa. Wengine walisema Evangeline alikitaka kiti yeye mwenyewe. Inawezekana. Mtu anaweza kuwa na tamaa na bado awe anasema kweli.

Mwaka wa 1928 Bramwell, akiwa na miaka 72, akaugua vibaya. Miezi ikapita, Jenerali yuko kitandani, barua hazijibiwi. Novemba makamishna saba wakatumia ule mlango wa dharura wa mwaka 1904 na kuitisha Baraza Kuu. Likakutana Sunbury, karibu na London, Januari 1929, viongozi 63 kutoka pande zote za dunia. Hawakuanza na panga. Walituma ujumbe wa watu saba hadi kitandani kwake wakimwomba astaafu kwa heshima, abaki na jina lake la Jenerali na heshima zake. Naamini wengi wao walimpenda. Yeye ndiye aliyewapandisha vyeo, amewazika wazazi wao, amewaombea watoto wao.

Akakataa. Na kisha akafanya jambo lililowavunja moyo hata marafiki zake: akaenda mahakamani. Hakimu akasimamisha Baraza, akasema Bramwell lazima asikilizwe kwanza kupitia mawakili. Katikati ya siku hizo ngumu kamishna mmoja, William Haines, alianguka kikaoni na kufa. Wenzake walimbeba kutoka kwenye chumba kile kile walimokuwa wakigombana. Tarehe 13 Februari mawakili wa Bramwell wakasikilizwa, kisha kura ikapigwa: 52 walisema hafai tena kuendelea, 5 walisema anafaa. Usiku huo huo wakamchagua Edward Higgins, aliyekuwa msaidizi mkuu wa Bramwell, kwa kura 42 dhidi ya 17 za Evangeline. Bramwell alifariki mwezi wa Juni mwaka huo, miezi minne tu baadaye.

Kuna wanaosoma hadithi hii na kuona aibu tu. Watu wa Mungu, magazeti yakiandika kila siku, mawakili, mzee mgonjwa. Ni aibu, siwezi kuipaka rangi. Lakini angalieni kile ambacho hakikutokea. Jeshi halikugawanyika. Hakukuwa na Jeshi la Wokovu la Bramwell na Jeshi la Wokovu la Higgins, kila moja likipiga tarumbeta upande wake wa barabara. Waliopigwa kura chini walibaki. Catherine, binti yake Bramwell, aliyeumia kuliko wote, alibaki ofisa mpaka uzeeni, akaishi zaidi ya miaka 100. Kilichowashika pamoja ni zile aya chache za mwaka 1904. Watu walikuwa na hasira, lakini walikuwa na mlango mmoja unaojulikana, na wote waliupitia, hata aliyeupinga.

Mwaka wa 1931 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyomaliza mambo ya bahasha. Tangu hapo kila Jenerali anachaguliwa na Baraza Kuu, na mali haiko tena mikononi mwa mtu mmoja bali kwa kampuni ya wadhamini. Hiyo ya mali msiipite mbio. Katika rasimu yetu iko kifungu cha 14, na ndicho ambacho washirika wengi mmeniambia mmekiruka kwa sababu kina lugha ya wakili. Nakala ziko ofisini kwa mhasibu, bure. Kisomeni kabla ya kile cha uchaguzi, maana nimeona watu wakijadili nani atakaa kwenye kiti kwa masaa matatu bila kuuliza shamba limeandikwa jina la nani.

Higgins alistaafu mwaka wa 1934, akiwa mzima, kwa miguu yake mwenyewe, na hilo lilikuwa jambo geni katika Jeshi. Baraza likakutana tena. Wakamchagua Evangeline. Yule binti wa Booth aliyepinga bahasha, na aliyeshindwa kwa kura mwaka wa 1929, akakaa miaka mitano bila kuanzisha chake, kisha akakipata kiti cha baba yake kwa mikono ya watu wengine. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Jenerali, na ni mtu wa mwisho wa ukoo wa Booth kukishika. Alipostaafu mwaka wa 1939, Baraza lilimchagua George Carpenter, yule mhariri aliyerudishwa Australia miaka 12 kabla.